Mkono Ukutani

Shangazi yangu Nzilani hakuzaa, na katika kijiji chetu karibu na Kanyangi hilo lilitosha kumbebesha kila baa. Kuku akifa, watu walitazama upande wa boma lake. Akipita njiani, wamama walifunika watoto wao nyuso. Wanawake wetu walishikilia kwamba mtoto mdogo hali chakula kutoka mkono wa tasa, na walishikilia hivyo kuliko walivyoshikilia Biblia waliyokwenda nayo kanisani kila Jumapili. Mimi nauita ujinga. Nimeuita hivyo mbele yao pia, wakasema nimesoma nikapotea.

Jirani yake wa karibu alikuwa Muthoki, mke wa Kivuva, mwenye ulimi unaowasha kama upupu. Siku moja mtoni, Shangazi alimpa kipande cha muwa Mutindi, binti mdogo wa Muthoki. Muthoki alikipiga kikaanguka mchangani, akasema wote wasikie, "Mtoto yangu hawezi kula kitu ya mkono yako. Hata tukikufa njaa!"

Njaa yenyewe ikaja mwaka wa themanini na nne. Wakamba waliipa jina Nikw'a Ngwete, nakufa huku nimeshika, kwa sababu hata mwenye pesa mkononi hakuona duka lenye chakula. Kivuva alikwenda Mombasa kutafuta kazi, Mombasa ikammeza. Mahindi ya Muthoki yalikauka yakiwa kimo cha goti. Mutindi akavimba miguu, na nywele zake zikageuka rangi ya kutu.

Shangazi alikuwa na mawele. Watu walikuwa wakimcheka kwa kulima chakula cha wazee, ambacho humtaka mtu ashinde juu ya ulingo akifukuza ndege kwa kombeo. Lakini mawele huvumilia jua, na ghalani kwake yalikuwa yamebaki ya kutosha mtu mmoja mwenye kujinyima. Tena ni kule ulingoni, msimu mmoja wa mvua njema, alikomwona ndege aitwaye hondohondo. Jike alikuwa amejifungia ndani ya tundu la mti kuatamia mayai, mlango umezibwa kwa udongo, umebaki ufa mwembamba tu. Dume alikuja na panzi, akapitisha mdomo ufani, akaenda zake. Kutwa kazi yake ilikuwa hiyo.

"Hakungoja asante," Shangazi aliniambia miaka mingi baadaye. "Na yule wa ndani alikula bila kuuliza."

Basi akamwiga ndege. Jiko la Muthoki lilikuwa la fito na udongo, na ukuta wa nyuma ulikuwa umebanduka, pakabaki ufa wa kupitisha mkono. Asubuhi, Muthoki akiwa kwenye foleni ya maji na mtoto mgongoni, Shangazi alikuwa ameshachota yake. Akirudi alipita nyuma ya jiko lile na kusukuma ndani kifurushi kidogo cha unga.

Muthoki alipoukuta mara ya kwanza alipiga magoti. Jumapili akasimama kanisani kutoa ushuhuda, kwamba Bwana anamlisha kama alivyomlisha Eliya kwa kunguru. Kanisa likapiga vigelegele. Shangazi, aliyekuwa benchi la nyuma, akapiga na yeye. Mutindi alianza kupungua uvimbe. Akaanza kucheka, kisha akasimama kwa kushika ukuta. Shangazi alisema maisha yake yote hakuwahi kupata furaha kama ile.

Furaha haikukaa. Asubuhi moja Kalunde, dadake Kivuva, alikuwa na homa, akabaki amelala jikoni karibu na moto. Akafumbua macho, akaona mkono unaingia kupitia ukuta.

"Muoi! Muoi!" alipiga mayowe, mchawi, mchawi, na waliokuwa mtoni wakaja mbio. Walimkuta Shangazi angali nyuma ya jiko. Hakuona sababu ya kukimbia.

"Ni unga tu," alisema. "Ni ya mtoto."

"Kama ni unga, mbona unaficha?" aliuliza Jonah, mzee wa kanisa. "Mtu mzuri anapitia mlango."

"Ningepitia mlango, mngekula?"

Swali hilo lilijibiwa kwa fimbo. Walimvunja mkono ule ule. Wakachoma ghala lake na mawele yote ndani, na wachomaji wenyewe walikuwa na njaa ya kula majani. Moshi ulinukia uji, na bado hakuna aliyeokoa hata kibaba kimoja. Unga ulipokuwa wa Mungu ulikuwa mtamu. Ulipokuwa wa Nzilani ukawa sumu, ukatupwa chooni. Mutindi alinyweshwa maji ya chumvi ili atapike alichokula, na Muthoki akakanda udongo kwa maji ya kunywa, akauziba ule ufa.

Mvua haikumkuta Mutindi hai. Walipomzika wakaambiana, si mnaona, dawa ya mchawi ilikuwa imeshaingia.

Wahenga walisema tenda wema nenda zako. Shangazi alikwenda zake Emali, kwa kufukuzwa, na huko akauza uji karibu na stesheni kwa mkono mmoja, mwingine umepinda. Alifariki mwaka wa tisini na tatu. Mimi ndiye niliyepeleka habari nyumbani.

Muthoki nilimkuta katika jiko lile lile, akipepeta ndengu.

"Mungu si Athumani," alisema. "Hiyo ni damu ya mtoto yangu imemfuata."

Nilipandwa na hasira. Nilimweleza yote: ulingo, hondohondo, mawele, vigelegele vya benchi la nyuma. "Mtoto alikuwa anapona kwa ule unga, Mama Mutindi," nilimwambia. "Alikufa mlipouzuia."

Mikono yake ilisimama. Alitazama ukuta wa nyuma, mahali ambapo udongo ni mwekundu kuliko kwingine. Kisha akasema kwa sauti ya chini ambayo sikujua anayo, "Usiseme hivyo, mwanangu. Kama hakuwa mchawi, mimi ni nani? Niachie tu huyo mchawi."

Sikumwachia. Nilianza tena tangu mwanzo, polepole, asikose hata neno.