Moto Ulioachwa Njiani

Nilipokuwa mtoto, watu wazima wa kwetu Maisaka, karibu na Babati, walikuwa wameshakubaliana kwamba dunia imeharibika. Nalisema hili kwa sababu leo, na mvi zangu hizi, nakaa misibani hapa Babati nikiwasikia wenzangu wakiililia miaka ileile. Wanasema enzi zile ndipo watu walipokuwa na upendo. Mimi huendelea kunywa chai yangu. Miaka hiyo naijua vizuri, na kilichonifundisha kuijua ni moto wa jikoni.

Ilikuwa ile miaka ya themanini ya shida. Sukari tuliisikia kwa masimulizi. Ugali ulikuwa wa unga wa njano tuliouita yanga, sare ya shule ilikuwa kiraka juu ya kiraka, na ukisikia duka la ushirika limeleta kitu unakimbia kushika foleni kwanza, kuuliza ni kitu gani baadaye. Viberiti navyo vilipotea. Kila nyumba ilifukia makaa kwenye majivu wakati wa kulala, na asubuhi yakikutwa yamekufa, mtoto anatumwa kwa jirani na gae la chungu kuomba moto. Nilikuwa hodari wa kazi hiyo. Nilijua jiko la nani linawahi kuamka na nani atakupa kaa kubwa bila kukunung'unikia.

Lakini kulikuwa na nyumba ambazo hazikupewa moto. Wazazi wangu ni Wairaqw walioshuka kutoka Mbulu kutafuta shamba, na Bibi, mama yake baba, alishuka nao akiwa na miiko yake yote kichwani. Mkubwa kuliko yote ulikuwa metimani. Nyumba ikifiwa na mtoto wa kunyonya, watu wake hutengwa mpaka siku ya kutakaswa. Hawachoti maji pamoja na wengine, ng'ombe wao hawachanganywi na wa watu, na moto hauingii kwao wala hautoki. Atakayewapa moto amekaribisha kifo kwake, na kitaanza na mdogo kuliko wote nyumbani. Katekista alihubiri kwamba hayo ni mambo ya giza. Watu waliitika amina Jumapili, na Jumatatu wakaizungukia mbali nyumba iliyofiwa.

Mwaka ule nyumba hiyo ikawa yetu. Mama alijifungua mtoto wa kiume, naye hakumaliza hata wiki. Baba hakuwepo. Alikuwa utingo wa lori, na lori lilikuwa limekwama Singida likingoja tairi ambalo, kwa maelezo tuliyoyapata, halikuwepo nchi nzima. Wanaume wachache wa jumuiya ya kanisani walikuja wakazika, wakaondoka bila kunawa maji yetu. Kuanzia hapo tulibaki watu watatu, Bibi, Mama na mimi, ndani ya uzio wetu wa minyaa.

Ajabu ni kwamba Bibi hakulalamika kuwa tumetengwa. Alilalamika kuwa hatutengwi ipasavyo.

"Zamani mtu akiwa na metimani, hata njia ya mbele ya nyumba yake inaota majani," alisema. "Jana mwanamke mmoja kapita hapo, kanisalimia kabisa! Watu wa siku hizi wameharibika, hawaogopi kitu."

Kisha ikanyesha mvua moja ya masika ambayo sijaisahau. Paa la jiko letu lilikuwa la nyasi zilizooza, maana bati hata mwenye pesa alikuwa halipati, na maji yalishuka moja kwa moja kwenye mafiga. Tulipoamka jiko lilikuwa tope la majivu. Mama alikuwa kitandani anatetemeka kwa homa, midomo imekauka. Tangu azae alikuwa akikandwa kwa maji ya moto na kunyweshwa uji, na uji ndicho kitu pekee kilichokuwa kinakaa tumboni mwake. Asubuhi ile alinyweshwa maji baridi, akayatapika.

Bibi alitoa vijiti vyake vya kupekecha moto, vile alivyojisifia siku zote. Akapekecha mpaka viganja vikawa vyekundu. Vijiti vilikuwa vimenyonya unyevu, havikutoa hata harufu ya moshi. Nilimwona akivitazama, halafu akamtazama Mama, na kwa mara ya kwanza niliona Bibi yangu hajui la kufanya.

"Bibi, niende kwa Mama Elibariki?"

Akanishika mkono kwa nguvu. "Yule ana mimba. Unataka ukamuue mtoto tumboni?"

Mama Elibariki alikuwa jirani yetu wa upande wa chini, Mwiraqw kama sisi, tena aliishi na mama mkwe mwenye miiko kumzidi hata Bibi. Sikwenda kwake. Nilikwenda kusimama tu kwenye minyaa, pale uchochoro unapopita kati ya nyumba zetu, nikautazama moshi wa jiko lake ukipanda. Nilitamani ule moshi kuliko nilivyowahi kutamani sukari.

Akatoka kumwaga maji, akaniona.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Paskalina, mbona kwenu hakuna moshi tangu alfajiri?"

"Mvua imezima moto."

"Na mama yako?"

"Anatetemeka. Anatapika hata maji."

Aliweka mkono juu ya tumbo lake, na mimi nikaelewa vizuri anafikiri nini, maana hata mtoto wa miaka tisa kwetu alilijua hilo. Alikuwa anaogopa. Napenda hili lieleweke, kwa sababu wapo wanaodhani alikuwa mwanamke wa kisasa asiyeamini mambo hayo. Aliyaamini yote, na uso wake siku ile ulikuwa wa mtu anayeyaamini.

Akaingia ndani. Nikadhani ameondoka. Mara akatoka na gae limejaa makaa, na juu yake ameweka kinyesi kikavu cha ng'ombe ili moto usife njiani. Akatembea taratibu mpaka katikati ya uchochoro, akaliweka chini. Hakunitazama. Alisema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa mama mkwe wake:

"Ngoja nipumzishe gae langu hapa, mgongo unaniuma! Nikakate majani ya ng'ombe kwanza."

Akachukua mundu akaenda zake, tumbo mbele. Nyasi za ng'ombe zilikuwa tele nyuma ya zizi lake, lakini yeye alishika njia ndefu ya ziwani.

Nililibeba gae lile kama mtu anayebeba mtoto mchanga. Bibi aliponiona aliziba mdomo kwa mkono. Nilidhani atalipiga teke. Alisimama, akahema, akasema, "Watu wa siku hizi hawana adabu kabisa," huku tayari ameshapiga magoti anapuliza. Kabla jua halijawa kali Mama alikuwa amekandwa na kunywa uji. Usiku huo homa ilishuka.

Kilichofuata kilikuwa kigumu kwangu kuliko njaa. Niliishi nikingoja mtoto wa Mama Elibariki afe. Kila nilipomwona akipita na tumbo lake nilisali Salamu Maria, na pale nilipoona Salamu Maria haitoshi nikamwomba pia yule Mungu wa Bibi wa kule milimani. Bibi naye hakulisema, lakini alikuwa anatega sikio upande wa chini.

Siku ya uchungu wake ilipofika, sisi bado tulikuwa hatujatakaswa, hivyo hatukuweza kwenda. Tulisimama watatu kwenye minyaa, Mama akinishika bega, tukasikiliza. Wanawake walikuwa wanaingia na kutoka. Kisha kikasikika kilio, kikali, cha mtoto aliyekasirika kweli kweli, na baada yake vigelegele. Mama alikaa chini pale pale kwenye majani akalia. Alikuwa hajalia tangu wa kwake azikwe.

Bibi akatoa hukumu yake. "Hakutukabidhi mkononi. Aliweka chini. Mwiko haukuvunjika."

Tangu siku hiyo alikuwa akiisema hivyo kana kwamba ilikuwa sheria ya mababu, kwamba moto ukiwekwa chini njiani hauna metimani. Nadhani aliitunga yeye, na ndiyo sheria ya Bibi ninayoipenda kupita zote.

Mama yangu yupo kijijini Mutuka mpaka leo, analima bustani na kugombana na kuku. Yule mtoto anaitwa Samweli, ana bajaji pale stendi, na muziki wake unakuacha masikio yanavuma. Hukataa nauli yangu na hajui kwa nini namtazama vile ninavyomtazama.

Sisemi hakuna kilichopotea. Siku hizi tunapika kwa gesi, na hakuna anayeweza kuangalia juu ya paa lako akajua kama umekula. Hilo linanisikitisha. Hata hivyo ndani ya upendo wa zamani ninaosikia ukisifiwa walikuwemo pia watu waliotuzungukia mbali, na kilichomwokoa Mama ni kile Bibi alichokiita kuharibika.

Mwezi uliopita niliumwa, nikashindwa kuamka. Karibu na adhuhuri mlango uligongwa. Alikuwa binti aliyepanga chumba kwa jirani, mgeni kutoka mkoa mwingine, anauza vocha, nywele zake zina rangi ambayo sina jina lake.

"Mama, mambo? Naona taa yako ya nje inawaka mpaka saa hizi, nikasema mbona huwa unazima mapema. Uko poa?"

Hakunipa shikamoo. Alikwenda akarudi na chupa ya uji, akaketi kitandani kwangu bila kukaribishwa, akanishikia kikombe nikinywa kidogo kidogo.

"Watoto wa siku hizi hamna adabu," nikamwambia, na sauti iliyotoka ilikuwa ya Bibi, neno kwa neno. Binti akacheka. Nilishukuru Mungu kwa ajili yake, na kwa ajili ya Mama Elibariki, na nikamaliza uji wote. Alikuwa ameutia sukari nyingi mno.