Wageni Waliopasha Nyumba Joto

Juzi nilialikwa kwenye karamu ya binti wa rafiki yangu aliyehitimu chuo, na mwenye nyumba akanielekeza chumba cha nyuma nikaweke koti. Kitandani palikuwa na rundo la makoti ya watu kiasi cha thelathini. Nilipoinama kuongeza langu, harufu ikanipiga usoni: sufu iliyoloa mvua, mafuta ya nazi ya kujipaka, vitunguu vya kukaanga vilivyong'ang'ania kwenye kola, na kwa mbali ile sabuni kali ya mikono ya hospitalini. Niliketi ukingoni mwa kitanda cha watu, nikakaa hapo mpaka mwenyeji akaja kuniuliza kama ninaumwa. Sikuwa ninaumwa. Nilikuwa Mansfield, Texas, nina miaka kumi, na kazi yangu ilikuwa kupokea makoti ya wageni.

Niwaeleze kwanza tulifikaje huko. Tulihamia huko kutoka Euless, tulikokuwa tukiishi katika fleti iliyokaribiana na uwanja wa ndege kiasi kwamba ndege ikipita, anayeomba hunyamaza kidogo ndipo aendelee na sala yake. Baba alikuwa akipakia mizigo uwanjani hapo, na Mama alikuwa akihudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wazee. Baba ni mtu wa Kisii, na hakuwahi kuzoea kuishi mahali ambapo hawezi kupanda hata shina moja la sukuma wiki. Basi alipoiona nyumba ya mbao pembezoni mwa Mansfield, mwisho wa barabara ya kokoto, ikiwa na mti mkubwa wa njugu za pekani na uwanja wa kulima, hakuuliza maswali mengi. Mwenye nyumba alitupangisha, akaahidi kumuuzia kiangazi kikifika kama tungekuwa bado tumo. Hakuna mwingine katika watu wetu aliyekuwa ameondoka kwenye fleti wakati huo, na Baba alitembea kifua mbele.

Swali ambalo hakuuliza lilikuwa la joto. Kule Euless joto lilikuwa ndani ya kodi, tukawa tunalitumia kama hewa. Huku Mansfield bomba la gesi la mji halikutufikia. Nyuma ya nyumba lililala tangi jeupe, nene kama nguruwe aliyeshiba, na gesi ililetwa na lori. Najua wengi wenu mkisikia Texas mnafikiria jua tu. Jua lipo, sikatai. Lakini Januari, upepo wa kaskazini ukianza safari yake hakuna mlima wa kuuzuia njiani, na nyumba yetu ilikuwa na nyufa ambazo ungeweza kupitisha barua. Majira yale ya baridi, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, bei ya gesi ilipanda kila lori lilipokuja. Krismasi haijafika, tangi lilikuwa limejazwa mara mbili.

Mama alisema neno lake mara moja tu, akiwa anakunja nguo, bila kupandisha sauti.

"Baba Kerubo, hii tangi ikiisha tena before March, tuna-move back Euless. Mimi siwezi kufanya kazi ya kununulia upepo joto."

Mimi roho iliniruka. Katika nyumba ile nilikuwa na chumba changu mwenyewe kwa mara ya kwanza maishani, chenye mlango unaofungwa. Sikutaka kurudi kulala sebuleni. Tangu siku hiyo nikawa na tabia ya kuzunguka nyuma ya nyumba nikitoka shuleni, nainua kile kifuniko kidogo juu ya tangi, naangalia mshale wa geji kama mtu anayechungulia chungu kilichoko motoni.

Baba akaanza kutafuta njia nyingine. Alibandika plastiki madirishani, ikawa upepo ukivuma nyumba nzima inapumua ndani nje. Alijaribu meko ya ukutani, akakata kuni za pekani mbichi kabisa, na bomba la moshi lilikuwa limezibwa na kiota cha ndege. Tuliishia uani tukikohoa huku ndani pakifuka moshi. Kisha akaleta hita ya mafuta ya taa aliyoinunua kwa mtu. Ilitoa joto zuri, hilo siwezi kuinyima. Lakini Mama, ambaye kazini walikuwa wamemfundisha hatari ya moshi wa ndani, alifungua dirisha ili tusife usingizini, na joto likatoka nje hapo hapo. Isitoshe nikawa nakwenda shule ninanuka. Mama alisema hakupanda ndege kuja Amerika ili anukie mafuta ya taa aliyoyaacha kwao. Hita ikaenda kukaa banda la nje.

Sasa, watu wetu walikuwa na ushirika wa Jumapili alasiri, wa kuzunguka nyumba kwa nyumba. Tulikuwa Wakisii, Wakikuyu, Wajaluo, Waluhya, kwa hiyo tuliomba na kuimba kwa Kiswahili, kila mtu na lafudhi yake. Wengi walikuwa wauguzi. Zamu yetu ilipofika katikati ya Januari, walikuja watu thelathini na ushei. Nilipokea makoti, nikayarundika kitandani kwa wazazi wangu. Waliimba kwa muda wa saa mbili, wakapiga makofi, wakala, wakanywa chai. Walipoondoka, Baba alisimama mbele ya kile kidude cha ukutani cha kupimia joto, akakigonga kwa kidole, akakigonga tena. Hita ya gesi, inayowashwa kwa kidude hicho, ilikuwa imezimwa tangu asubuhi. Nyumba ilikuwa na joto kama la Mei.

"Mama Kerubo," akaita, "njoo uone. Hawa watu wame-heat nyumba."

Akazunguka sebule akisugua mikono kama mtu aliyegundua mafuta uani kwake. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema, akacheka peke yake.

Jumapili iliyofuata ilikuwa zamu ya watu wa Carrollton. Baba akapiga simu akasema kule hakuna nafasi ya kuegesha magari, waje tu kwetu. Iliyofuata ilikuwa ya Euless. Akasema fleti ni ndogo, watoto wanabanana. Baada ya hapo akakumbuka kwamba kwaya inahitaji kufanya mazoezi Jumatano jioni. Wakati wa kuimba alikuwa akipendekeza nyimbo za kuchezea, akisema waimbaji wamesinzia. Mimi mwanzoni nilifikiri amepata roho ya kiinjilisti, mpaka nilipomsikia akimwambia Mama kwamba wakija hatuwashi hita. Mama aliyejua ukweli alikuwa akimwangalia kwa pembe ya jicho.

Kosa lilikuwa jikoni. Kwetu mgeni haondoki na njaa, na mgeni haombwi kuja na chakula. Hiyo ni aibu ya mwenye nyumba. Kwa hiyo Mama alichemsha maharage ya watu thelathini, akapika wali, akakaanga mandazi, akatia chai ya maziwa na tangawizi katika sufuria kubwa kuliko mimi. Wiki ya tatu alitoka nje akainua kifuniko cha tangi, akarudi akamwambia Baba taratibu kwamba jiko nalo linakula gesi ya tangi lile lile. Mshale ulikuwa umeshuka chini ya robo. Baba alikaa kitini. Akasema tupunguze maharage, tuongeze nyimbo.

Hapo ndipo nilipoingia mimi na mdomo wangu.

Katika ushirika palikuwa na kipindi cha shukrani, na aliyekiongoza ni Mama Wambui, muuguzi wa Carrollton, mwanamke mkubwa kuliko wote, mwenye sauti ya kutuliza wagonjwa. Jumapili hiyo alisema leo tusikie watoto. Wenzangu walishukuru kwa uhai na kwa masomo. Mimi sikutaka kurudia waliyosema wengine. Kiswahili changu kilikuwa cha kuchechemea, nikasimama nikasema:

"I thank God kwa kuleta nyinyi, because Baba anasema mkikuja hatuwashi heater, na kama gesi haitaisha, hatuta-move."

Nilisikia friji ikinguruma jikoni. Nilijua nimekosea, ila sikujua kosa lenyewe, nikaangalia zulia na kuyahesabu madoa yake. Mama alifunika uso kwa leso, na mpaka leo hajaniambia kama alikuwa analia au anacheka. Ndipo Mama Wambui akasema, "Amina. Mungu amemsikia mtoto," akaanzisha wimbo.

Walipoondoka nilingoja kuchapwa. Sikuchapwa. Baba alikwenda ukutani akawasha hita, akapandisha joto kuliko lilivyowahi kupandishwa, akaketi kwenye kiti chake na shati la mikono mifupi. Wiki nzima ikawa hivyo. Hakuna aliyemgusia. Mazoezi ya Jumatano aliyafuta mwenyewe kwa simu. Nilikuwa nalala kwenye joto lile, chumbani kwangu, nasikia hita inavuma, na kila ilipovuma nilijua ni mimi. Jumamosi mshale ulikuwa umegusa nyekundu. Mama alikuwa ameanza kuokota maboksi matupu dukani, akiyaweka nyuma ya mlango bila kusema ni ya nini.

Jumapili Baba alivaa tai kama kawaida. Saa nane ikafika, na barabara ya kokoto ilikuwa tupu. Saa nane na nusu. Nilikuwa nimeweka paji la uso kwenye ile plastiki ya dirishani, nje naona ukungu tu, na nilimwomba Mungu anisamehe kwa ile sala yangu nyingine. Mama alianza kukusanya vikombe kuvirudisha kabatini.

Kisha tukasikia kokoto. Gari moja, la pili, la tatu, mpaka nikaacha kuhesabu. Mama Wambui alikuwa wa kwanza mlangoni, amebeba sufuria iliyofungwa kwa taulo, bado ya moto. Nyuma yake walipanga mstari wanawake wengine, kila mmoja na sufuria yake, na nyuma yao vijana wawili wa Kikongo ambao hatukuwafahamu, wamefika Euless mwezi uliotangulia, wamevaa fulana mbili mbili.

"Tuwie radhi kwa kuchelewa, Baba Kerubo," Mama Wambui akasema. "Tulikuwa tunatafuta kuni."

Akawaonyesha wale vijana kwa kidevu. Mmoja wao, asiyejua kinachoendelea, akainamisha kichwa akasema, "Jambo, papa. Tumekuya."

Baba aliwatazama. Akazitazama sufuria. Nilidhani atasema kitu cha kiburi, maana kiburi alikuwa nacho, Mungu ambariki. Badala yake alisogea kando, akasema karibuni. Kisha, mbele ya watu wote, wakiwa bado wanafuta viatu, alivuka sebule akaenda ukutani akazima hita. Hakuna aliyecheka. Mama alipokea sufuria ya kwanza kwa mikono miwili, yeye ambaye kupokea chakula cha mgeni kulikuwa kama kupigwa kofi, na Mama Wambui akamwambia kwamba figa moja haliinjiki chungu, aache ukaidi, alete sahani.

Walikuja kila Jumapili mpaka Machi. Jumatano kwaya ilirudi. Kuna siku barafu ilifunika barabara zote na wakaja hivyo hivyo wakiendesha polepole. Siku nyingine tulivaa makoti humo ndani, na tangi halikujazwa tena majira yale. Kiangazi, mwenye nyumba alitimiza ahadi, na Baba akapanda sukuma wiki.

Nilikuwa na miaka kumi na sita nilipoanza kuendesha gari, na safari yangu ya kwanza ya mbali ilikuwa kumpelekea Mama Wambui pekani. Nilishika barabara kuelekea Carrollton. Niliendesha, nikaendesha. Nilipita Arlington, nikapita majengo marefu, nikakaa kwenye foleni, na baada ya saa nzima nikatupa jicho kwenye mshale wa petroli. Nilishtuka kiasi kwamba aliyekuwa nyuma yangu alinipigia honi. Walikuwa wanaendesha hivi, kwenda na kurudi, mara mbili kwa wiki, wengi wakitoka zamu ya usiku, majira ambayo petroli nayo ilikuwa ghali. Walichoma petroli nyingi kuliko gesi waliyotuokolea. Hesabu hiyo hata mtoto angeiweza. Mimi nilikuwa mtoto, na sikuifanya.

Mwaka jana ndipo nilipata ujasiri wa kumuuliza Baba, ambaye sasa amestaafu na ana muda wa kuulizwa. Nilimwambia kwamba siku ile ya shukrani imenikaa rohoni, kwamba nilimwaibisha mbele ya watu wake, na kwamba sijawahi kumwomba msamaha.

"Siku ile nilitaka ardhi inimeze," akasema. "Nikainua macho nione nani anacheka. Kerubo, hakuna hata mtu mmoja aliyeshangaa."

Miaka yote hiyo nilikuwa nimebeba aibu ile, nikiamini ni mimi niliyetoboa siri ya nyumba yetu. Kumbe wenzetu walikuwa wameshaiona tangu Jumapili ya kwanza, na walikuwa wameshaamua kuja.