Zoezi la Barieri

Kama ulisoma shule ya msingi huko Mikelenge, Kindu, miaka ile ya vita ya Kongo, na leo hakuna mwenye duka anayeweza kukupunja chenji, basi mshukuru Madame Adolphine. Lakini usimshukuru haraka. Sikiliza kwanza.

Mwaka 2002 mji ulikuwa umefungwa. Ndani askari, nje msituni wapiganaji wa Mai-Mai, katikati watu na njaa yao. Kuvuka mto kwenda shambani ilikuwa kujitafutia kifo. Treni hakuna, chumvi inauzwa kwa kijiko, vitabu vya shule vimewashia watu moto wa kupikia sombe, yaani kisamvu. Mwalimu mwingine angekaa nyumbani akalala zake. Adolphine alikuwa na miaka thelathini na saba, hana mume, hana mtoto, kiburi anacho cha watu watatu. Akasema kama vitabu hakuna, basi watoto watasoma hesabu kwa vitu vyenyewe.

Kila Ijumaa darasa la nne likageuka soko. Huyu kaleta kichupa cha mawese, yule ndizi mbili, mwingine noti iliyochakaa hadi haisomeki. Wananunua, wanauza, wanarudishiana chenji, na anayekosea ananyang'anywa ndizi yake mchana kweupe. Wazazi walicheka sana, mpaka siku watoto wao walipoanza kuwakamata wauza unga sokoni wakipunja kopo. Hapo hakuna aliyecheka tena. Wakasema huyu Madame ni mali yetu, na kila mwezi wakamchangia mchele ingawa wenyewe walilala njaa.

Alikuwa na sheria moja, na kuivunja ilikuwa fimbo. Ukishapiga jumla, usije kumwonyesha mwalimu. Nenda kwanza kwa mwenye pesa, simama wima mbele yake, itaje jumla yako kwa sauti, kisha uulize: "Ni sawa?" Akikataa, unarudi kuanza upya. Watoto walishika sheria hiyo kuliko sala.

Baada ya pesa akaingia kwenye saa. Alikuwa nayo moja tu, ya mkononi, aliyoachiwa na marehemu baba yake aliyefanya kazi kwenye reli. Akaamua iwe inazunguka: kila siku mtoto mmoja aende nayo nyumbani, akae mbele ya nyumba yao muda wa saa moja, aandike kila kinachopita, kimepita dakika gani, na kama kuna pesa iliyotoka mkono mmoja kwenda mwingine, ni kiasi gani. Jumatatu Dieumerci alikaa kwao, mbele ya kinu cha kusagia unga. Jumanne Naomie alikaa kwao kivukoni, akahesabu mitumbwi ya wavuvi. Jumatano ikawa zamu ya Sharifa.

Na hapa ndipo Madame ananitia hasira mpaka leo. Alijua vizuri sana Sharifa anakaa wapi. Mtaa mzima ulijua. Nyumba ya Idrissa, baba yake, mbeba mizigo kwa baiskeli, ilitazamana na barieri ya askari, ile kamba iliyofungwa kwenye magogo mawili ambayo hupiti mpaka utoe kitu. Lakini Sharifa ndiye aliyeongoza darasa, na Madame alikuwa na hamu ya kuona zoezi zuri. Akamfunga saa mkononi, ikampwaya, akaikaza kwa uzi.

Sharifa alikuwa na miaka kumi. Akakaa kizingitini na daftari lake magotini, akaandika: Saa nane na dakika tano, mama wa mihogo, franka mia mbili. Saa nane na dakika tisa, baiskeli mbili za mawese, franka mia tano. Saa nane na dakika ishirini, askari wawili wanaenda kunywa. Saa nane na dakika arobaini na tano, wamerudi, mmoja amelala. Akajaza ukurasa mzima hivyo mpaka saa tisa, akapiga jumla, akaikagua mara mbili. Kisha akafanya kama alivyofundishwa. Akaenda mpaka kwenye kamba, akasimama wima.

Wakati huohuo gari la mkubwa wao lilikuwa limefika kuchukua makusanyo, na askari walikwisha kumwambia kwamba tangu asubuhi wameambulia franka elfu moja tu.

"Afande," mtoto akasema kwa sauti ile ya darasani, "tangu saa nane mpaka saa tisa mumepata franka elfu tatu mia nne na makumi tano. Ni sawa?"

Ee Mungu wangu!

Mkubwa alilichukua daftari akalisoma. Aliwalaza askari wake wawili palepale barabarani, wakachapwa mbele ya mama wa mihogo waliyemtoza. Mmoja alipoinuka, uso umejaa vumbi, akanyooshea kidole lile daftari. "Afande, muangalie vizuri. Saa tunakunywa, saa tunalala, vyote viko hapa. Mutoto wa miaka kumi hawezi kujua maneno hii. Kuna muntu anamutuma, na huyo muntu iko pamoja na wale wa msituni."

Walimkamata Idrissa akiziba pancha. Ajabu yake, alicheka. Kwake lilikuwa jambo la kumalizwa kwa maneno mawili. Akawaambia ni kazi ya masomo, waende wakamuulize Madame, kwani Madame si mtu wa kujificha. Walimfunga kamba mikononi mpaka asubuhi, na asubuhi wakampeleka shuleni yeye na binti yake.

Darasa lilikuwa limejaa, watoto arobaini na wawili, Sharifa wa arobaini na tatu kasimama mbele karibu na baba yake. Jicho moja la Idrissa lilikuwa limevimba likafunga. Yule mkubwa alivua kofia yake, akasalimia kwa adabu zote, akataka kujua kama ndiye aliyeitoa kazi ile.

"Bonjour, Madame. Hii kazi, njo weye ulimupatia huyu mutoto?"

Adolphine alilitazama daftari. Mwandiko mzuri, mistari imenyooka, jumla imepigiwa mstari mara mbili kama alivyofundisha mwenyewe. Alijua kwamba akisema ndiyo, kamba ile itahama kutoka mikono ya Idrissa kuja yake. Wanawake waliochukuliwa na askari hao alikwisha kuwaona walivyorudi, wale waliorudi.

"Madame, muambie tu," Idrissa akasema, bado ana tumaini. "Muambie njo kazi ya shule, turudi nyumbani. Mama yake anatungojea."

"Hapana, afande," Adolphine akasema. "Mimi sikutoa kazi kama hiyo."

"Na hii saa?"

"Siijui."

Mkubwa akaitia saa mfukoni, akawageukia watoto. "Bana, munisikie vizuri. Madame aliwapatia hii kazi?"

Watoto hawakumtazama yeye. Walimtazama Madame. Alikuwa amewazoesha kujibu kwa pamoja, kwa wimbo, wakifuata kichwa chake. Naye akakitikisa kichwa, kidogo tu, kushoto na kulia.

"Ha-pa-na!" likaitika darasa.

"Ndiyo!" Sharifa akapiga kelele. "Madame, ndiyo! Jumatatu ilikuwa zamu ya Dieumerci! Dieumerci, sema!" Dieumerci aliinamia dawati lake.

Mkubwa akacheka. "Makumi ine na mbili wanasema hapana, mumoja anasema ndiyo. Hesabu kama hiyo hata mimi ninaijua." Wakamtoa Idrissa nje. Hakuonekana tena, wala maiti yake haikuonekana.

Wiki iliyofuata Sharifa alirudi darasani, masikini, akakaa mahali pake. Unajua Madame alifanya nini? Alimwambia shati lake ni chafu, aende nyumbani akalifue. Mtoto akaenda. Hakurudi tena, na Madame hakumtuma mtu kumuuliza. Alilala vizuri zaidi lile dawati likiwa tupu.

Sasa huko nyumbani. Safi, mama yake Sharifa, alikaa matanga bila maiti. Mtoto akamweleza yote, jinsi alivyotumwa, jinsi Madame alivyokana. Safi akamwambia, "Watoto makumi ine wanasema uongo, weye peke yako njo musema kweli?" Tangu siku hiyo hakumwita tena kwa jina. Akawa anamwita Yule Aliyemuuza Baba Yake, mbele ya wageni, mbele ya wachumba, kisimani. Hakula tena chakula kilichopikwa kwa mkono wake. Sharifa alipokuwa mkubwa alikwenda machimboni Kalima kuwauzia wachimbaji wali na maharage, akawa anatuma pesa nyumbani, na Safi akawa anazigawa msikitini bila kuzifungua. Hata hivyo, mama alipoanza kuvimba miguu na kukosa pumzi, ni huyohuyo Sharifa aliyefunga biashara akarudi Kindu kumuuguza. Anapika yeye, lakini sahani inaingizwa ndani na jirani, Elodie, na kusemwa imetoka kwa jirani. Miaka ishirini na miwili imepita, jamani, na mwanamke mzima anamlisha mama yake kwa hila.

Na Madame? Madame anaendelea kufundisha. Pensheni haijaja, atafanyaje. Mwaka huu shirika moja lilileta mafunzo ya kufundisha hesabu kwa mambo ya kila siku, kana kwamba jambo hilo limezaliwa jana. Msichana kutoka Kinshasa, Déborah, mpole, kompyuta mkononi, aliwaeleza walimu kwamba mtoto akishika pesa na saa kwa mkono wake hasahau. Adolphine alikaa nyuma kimya. Lakini wenzake walimtaja, eti huyu mama alikuwa anafanya hivyo zamani za vita, na Déborah akafurahi kupita kiasi. Akamchagua atoe somo la mfano Jumamosi mbele ya wageni. Kulikuwa na posho kila mwezi kwa atakayefanya vizuri.

Jumanne ya wiki hiyo Sharifa alibisha mlangoni kwake. Adolphine alimtambua kwa kusimama kwake, wima.

"Madame, sikuje kukulaumu," Sharifa akasema. Hata kiti alikataa. "Mama iko anakufa. Nataka uje umuambie neno moja tu, kwamba njo weye ulinituma. Basi. Asife akisema ni mimi."

Adolphine angeweza kuvaa viatu wakatoka pamoja, ni mwendo wa robo saa. Badala yake alisema, "Ndiyo, mwanangu, nitakuja. Kesho." Kesho ikafika na maandalizi yake. Keshokutwa alipata homa ya uongo. Aliogopa kwamba habari ikitoka, Déborah ataisikia, wageni wataisikia, na posho itampita. Ijumaa Elodie alikuja kumwambia mgonjwa hamezi tena maji vizuri. "Jumapili," Madame akajibu.

Jumamosi somo likapendeza mno. Watoto waliuza ndizi, walirudisha chenji, walitaja jumla zao kwa sauti. Wageni walipiga makofi. Mwishoni Déborah akainama mbele ya darasa, akauliza kwa tabasamu, "Je, Madame anawafundisha vizuri?"

Watoto wakamtazama Madame. Naye, kwa mazoea tu, akatikisa kichwa juu na chini.

"Ndi-yo!" likaitika darasa.

Ulikuwa wimbo uleule ulioimba hapana mbele ya Idrissa. Aliwaacha wageni na soda zao, hakuchukua hata mkoba wake, akakodi pikipiki, akamwambia kijana aende mbio, mashimo asiyajali. Njia nzima alikuwa akiomba: asiwe amekufa, asiwe amekufa.

Hakuwa amekufa. Safi alikuwa kitandani, amebaki mifupa na macho. Sharifa alisimama karibu na mlango, mahali alipozoea kusimama. Adolphine akapiga magoti kando ya kitanda, mwanamke yule mwenye kiburi, akalia mpaka kamasi zikamtoka.

"Mama Safi, mutoto wako hakusema uongo. Njo mimi nilimutuma. Saa ilikuwa yangu, kazi ilikuwa yangu. Nilikana kwa sababu ya woga. Na wale watoto wengine, njo mimi niliwaambia wakane."

Safi akatafuta pumzi. "Najua," akasema.

Sharifa alisogea hatua moja. "Unajua? Tangu lini, mama?"

"Siku ya tatu ya matanga. Mama yake Dieumerci alikuja kuniambia yote. Mutoto wake alikuwa hana usingizi."

"Na mimi? Miaka yote hii, mama, mimi je?"

Safi alifumba macho, akajibu. "Askari ningewafikia wapi? Na huyu Madame, kila mutu alikuwa anamupenda, mutaa wote ulinyamaza juu yake. Weye ulikuwa hapa nyumbani."

Adolphine akaushika mkono wake. "Mama Safi, unisamehe. Nakuomba kwa jina la Mungu, unisamehe."

"Weye nilikusamehe zamani," Safi akasema. "Nilikuwa na wa kumuchukia." Kisha akaomba maji, na kama kawaida yake, akasema Elodie ndiye amletee.