Kiangazi cha Kumngoja Mgeni

Sisi tuliokua Dodoma kabla haijaitwa jiji tunajuana kwa jambo moja: tunaijua ladha ya vumbi. Mwezi wa kumi na moja ukiisha bila mvua, vumbi jekundu liliingia kwenye uji, kwenye madaftari, kwenye nywele zilizosukwa jana yake. Mama zetu walifunika mitungi kwa kanga, na bado tulilinywa. Wala hatukuumwa. Watoto wa siku hizi wakipiga chafya mbili tu, nyumba nzima inatafuta bima ya afya.

Likizo ya Desemba ilikuwa ya Kongwa. Huko kulikuwa na Bibi, karanga mbichi, na binamu wa kugombana nao. Mwaka ule nilikuwa darasa la pili, na nilikuwa nimeshafunga nguo zangu kwenye mfuko wa rambo wiki nzima kabla. Baba akaja kutoka kazini, akaketi, akasema hatuendi. Mama amekatazwa na daktari kusimama. Alale, ageukie ubavu wa kushoto, asinyanyue hata kikombe, mpaka atakapoambiwa vinginevyo. Mama Mdogo Nyemo akaletwa kutoka Kongwa aje kupika, na mimi nikafungua mfuko wangu huku nalia kwa sauti ili kila mtu asikie.

Hakuna aliyeniambia Mama anaumwa nini. Enzi zetu mambo ya watu wazima hayakuelezwa watoto; uliokota maneno yalipodondoka, ukayaunga mwenyewe. Nilichookota mimi kilitoka kwa Bi Zuhura, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mtu wa Majengo tangu babu zake, ambaye hakuwahi kumaliza sentensi bila methali. Alikuja kila siku na bakuli la kitu kitamu, akaliweka kando ya kitanda, akasema, "Tunamngoja mgeni tu, mwanangu. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Nikapiga hesabu zangu za darasa la pili. Mama mgonjwa. Kuna mgeni anakuja. Mgeni akija, mwenyeji anapona. Kilichobaki ni mtu wa kwenda kumpokea, maana Dodoma wageni ni wengi na huyu angeweza kupotea.

Jambo moja tu lilinitatiza. Mama mwenyewe hakuwa na haraka naye. Nilimsikia akiomba Mungu, amefumba macho, "Asiwahi, Baba. Asiwahi tu." Niliona ni uchoyo. Mtu wa kukuponya anakuja, wewe unaomba achelewe!

Basi kila asubuhi, nikishamaliza kufagia, nilikwenda stesheni. Hapakuwa mbali, na zile siku mtoto alikuwa wa mtaa mzima. Ukipita tu, watu wanne wamekuuliza unakwenda wapi, na wa tano amekwambia urudi ukavae viatu. Treni ilikuwa na saa yake kwenye karatasi na saa yake nyingine kwenye reli. Tuliingoja hiyo ya pili. Palikuwa na tangi la maji lililovuja, na chini yake kidimbwi kidogo cha kutosha miguu miwili. Nilisimama humo. Shorewanda walikuja kuoga pembeni yangu, wakijipiga mbawa bila kunijali, na juu yetu lile jua la Dodoma lisilo na mzaha. Nakwambia, sijawahi kuingia hoteli yenye bwawa nikapata raha ile.

Treni ikija, stesheni nzima iliamka. Asali ya Manyoni kwenye chupa za soda, kuku waliofungwa miguu wakitazama dunia kichwa chini, wanawake wakipima karanga za kukaanga kwa kikopo na kuongeza kidogo cha urafiki. Nilitazama nyuso za wanaoshuka mmoja mmoja. Sikujua mgeni wetu anafananaje, lakini niliamini nikimwona nitamjua.

Nikirudi mchana, Mama alikuwa amelala vilevile, dirisha limetundikwa kitenge kilicholoweshwa maji ili upepo uingie ukiwa umepoa. Aliniuliza, "Haya, mwanangu, umeona nini leo?" Mimi nilitaka kusema mgeni hajaja, lakini niliona haya kumletea habari mbaya, kwa hiyo nilimwambia mengine. Kwamba chamchela limepita barabara ya sokoni, likanyanyua magazeti na gauni la ndani la mtu, na fundi viatu akalikimbiza akidhani ni kipande chake cha ngozi. Kwamba barafu za ubuyu leo ni nyekundu zaidi, na nikamtolea ulimi kama ushahidi. Kwamba kuna mbuzi amelala katikati ya barabara, na gari la mkubwa fulani limemzunguka kwa heshima. Mama alicheka kwa pumzi ndogondogo, mkono juu ya shuka. Kesho yake niliangalia vizuri zaidi. Mtu akikungoja umsimulie, macho hayalali.

Siku ya mgeni ilikuwa Jumanne. Alishuka bibi mmoja mwembamba, kikapu kichwani, jogoo kwapani, akasimama pale pale aliposhukia. Watu walimuuliza anakwenda wapi, akasema ametoka Manyoni, anakwenda Chamwino. Wakamuuliza, Chamwino ipi, mtaa wa hapa mjini au ile ya kule njia ya Buigiri? Hakujua kuwa zipo mbili. Alijua tu kwamba binti yake ameolewa Chamwino. Watu wakaanza kubishana kwa niaba yake, kama ilivyo ada, yeye wakamsahau.

Nikamsogelea. "Shikamoo, Bibi. Wewe ni mgeni?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Mgeni, kabisa."

"Njoo basi twende nyumbani. Mama anakungoja."

Nilimwona uso ukifunguka. Miaka mingi baadaye ndipo nilipoelewa: alidhani mimi ni mtoto wa binti yake, mjukuu ambaye hajawahi kumwona. Alinipa jogoo nimshike, akanifuata bila swali. Njiani aliniambia nimechukua pua ya ukoo. Nilifurahi sana.

Sasa basi, kosa langu. Nilipofika kwenye kona ya nyumba yetu sikuweza kujizuia. Nilimwacha bibi nyuma, nikakimbia na jogoo wangu huku napiga kelele, "Mgeni amekuja! Mama! Mgeni amekuja!"

Ndani kikasikika kishindo cha sufuria. Mama Mdogo Nyemo alitoka jikoni mikono imejaa unga, akakimbilia chumbani akilia jina la Mama. Bi Zuhura hakupita mlangoni, sijui alipita wapi, nilimwona tu amekwisha kuwa ndani, kanga moja, ushungi hana, "Yarabi, mapema hivi! Miezi haijatimia! Maji ya moto, Nyemo!" Na Mama, ambaye hajasimama kwa wiki tatu, alikuwa ameinuka nusu, ameshika tumbo kwa mikono miwili, ananitazama. Sijawahi kuona mtu akiogopa vile. Ndipo na mimi nikaogopa.

Mlangoni sauti ikasema, "Hodi wenyewe."

Wote wakageuka. Bibi wa watu amesimama na kikapu chake, anatafuta uso wa binti yake kati ya wanawake watatu asiowajua, mmoja mweupe kwa unga.

"Huyu hapa," nikasema. "Mgeni."

Aliyeanza kucheka ni Mama. Alicheka mpaka machozi, Mama Mdogo akimsihi, "Dada, usicheke, utajiumiza, lala," naye mwenyewe akicheka amekaa chini. Halafu Mama akajikunja ghafla. Tukangoja. Jogoo peke yake ndiye aliyesema kitu. Mama akashusha pumzi taratibu, akalala tena ubavu wake wa kushoto. "Amepiga teke tu," akasema.

Akaniita. Akauchukua mkono wangu, mchafu vile vile, akauweka juu ya tumbo. Kitu kikausukuma kutoka ndani. "Mgeni ni huyu," akasema. "Walikuja wawili kabla yake, Rehema. Waliwahi. Hawakukaa." Nililia kwa aibu, kwa furaha, na kwa wale wawili ambao hakuna aliyewahi kuniambia habari zao.

Bibi wa Manyoni alinywa uji, akala, akapumzika mkekani. Jioni Baba alirudi, akaulizia mtaani mpaka akampata mtu anayemfahamu mkwe wa bibi, akamsindikiza. Ilikuwa Chamwino ya mjini, mwendo mfupi kutoka kwetu. Kabla ya kutoka bibi aliinama kitandani, akamshika Mama mkono. "Mimi nimeshawahi kwa niaba yake," akasema. "Yeye achelewe." Jogoo alituachia.

Niliendelea kwenda stesheni. Sikumtafuta mtu tena. Nilitafuta vitu vya kumletea Mama, kila siku kimoja kizuri, ili asitamani kunyanyuka kwenda kujionea. Mvua ikaja, na ile harufu ya ardhi yetu inapopata tone la kwanza nilimletea kwenye kopo, tope na yote. Mwisho wa Januari, saa nne asubuhi, Baba alirudi kutoka hospitali anatembea kama mtu aliyelewa, naye hakuwa mnywaji. Mtoto wa kiume, miezi yake yote, sauti ya kuamsha wodi.

Leo Dodoma ni jiji. Barabara za lami zinang'aa, treni ya umeme inafika kwa dakika yake, na anayeulizia Chamwino anaonyeshwa na simu ipi ni ipi. Mimba yenyewe siku hizi ina picha, ina tarehe, ina sherehe ya kukata keki kabla mwenyewe hajafika. Ni mambo mazuri. Mama yangu angelala kwa amani zaidi. Lakini naona watu wanapita katikati ya mji huu mchana kweupe, masikio yameziba, macho kiganjani, na naumia. Mbuzi akilala barabarani leo, atajulikana kwa honi tu.

Mdogo wangu ni mmoja wao. Ana ofisi yenye kiyoyozi kule Mtumba, kwenye mji wa serikali, na Jumapili anakuja kwangu kumsalimia Mama, kidole hakitoki kwenye simu. Juzi umeme ulikatika. Baada ya nusu saa alikuwa anahema kama samaki nchi kavu. Akaniuliza, "Dada, hivi nyinyi, hamna simu, hamna televisheni, hamna hata feni. Likizo nzima, jua lote hili, mlikuwa mnafanya nini?"

Mama, aliyekuwa anachambua mlenda kwenye ungo, akaacha kuchambua. Akanitazama mimi kwanza.

"Tulikuwa tunakungoja wewe," akamwambia.