Nilivyotetea Njia ya Baiskeli Mtaani Gerezani

Kibao kwenye godauni la zamani linalojengwa upya kilisema njia yetu ya baiskeli inayopita getini itabaki wazi. Mimi msomi, siamini vibao. Alfajiri nikafunga baiskeli yangu kwa mnyororo katikati ya geti ili malori ya ujenzi yasipite.

Malori yakapita geti la nyuma. Kwangu walikuja wauza samaki kutoka soko la Feri na baiskeli zao, barafu ikichuruzika kwenye matenga.

"Dogo, fungua, samaki wanaharibika!"

Nikapapasa mifuko. Ufunguo ulikuwa nyumbani Mchikichini, kwenye suruali nyingine.

Msimamizi wa ujenzi akatokea na msumeno wa chuma.

"Shikamoo," nikamwamkia.

"Marahaba. Nani kawafungia hawa njia?"

Muuza pweza akaninyooshea kidole. "Huyu hapa, bosi. Anasema anatutetea."