Saa ya Jua Yafika Ikutha

Nilifukuzwa shule kwa sababu ya kengele. Nilikuwa kidato cha pili, shule ya bweni upande wa Ikutha, na kazi ya kugonga kengele ilikuwa yangu. Siku moja niligonga ya chakula katikati ya somo la hesabu. Wanafunzi wote walinielewa. Mwalimu Mkuu hakunielewa. Barua aliyonipa ilisema nirudi na mzazi Jumatatu kabla ya saa sita mchana, la sivyo nisirudi kabisa.

Baba alikuwa kazini Mombasa, kwa hivyo mzazi akawa Babu. Babu hakuwa na saa ya mkono. Alikuwa na saa ya jua, kikasha cha shaba kama kopo la rangi ya viatu, aliyopewa na mzungu mmoja wa misheni ambaye Babu alimbebea mizigo ujanani. Ndani mna dira, na juu yake pete yenye namba ambayo unaisimamisha. Dira ikishakuonyesha kaskazini, kivuli cha kisindano cha katikati huangukia saa. Wasafiri wa zamani walitembea nazo mfukoni nchi hadi nchi, Babu alisema, na hawakuzitia ufunguo hata siku moja.

Jumapili asubuhi tulitoka nyumbani Tawa kwa lori la mnunuzi wa mbuzi.

Makindu lori lilisimama kupoza injini. Babu aliweka saa yake juu ya boneti, akainama.

"Saa kumi," alisema.

Hatukuwa tumekunywa hata chai ya asubuhi.

"Mzee," dereva alisema, "hiyo imefika Ikutha ikatuacha."

Babu aliichukua, akaenda kuiweka chini mbali na lori. Sindano ya dira ikazunguka, ikatulia. "Chuma chako kilikuwa kinaivuta," alimwambia dereva. "Ni saa tatu na nusu."

Baada ya kutwa ya kusimama njiani kununua mbuzi, Kibwezi tulilala kwa Mama Mwikali, mshirika wa kanisa la Babu. Alitupakulia muthokoi, mahindi ya kukoboa na maharagwe, akaitazama ile saa jua likizama.

"Na usiku inasema nini?"

"Usiku inalala," Babu alisema. "Hata wewe unalala."

Jumatatu, kabla ya kufika mto Athi, springi ya lori ilikatika. Tukaenda kwa miguu. Kila baada ya kilima Babu alisimama, akachuchumaa, akapima.

"Babu, tukisimama tena nitasomea nyumbani."

"Sasa ukikimbia na hujui ni saa ngapi, unakimbilia nini?"

Ikutha, Mwalimu Mkuu alikuwa chini ya bendera. Aliangalia mkono wake. "Saa sita na robo. Pole, mzee. Mrudi tu nyumbani na kijana wako."

Babu aliweka saa mchangani. "Bado robo ifike saa sita."

Mwalimu Mkuu alimwita mwalimu wa jiografia, nadhani waje wacheke pamoja. Yule mwalimu alichuchumaa muda mrefu kupita kiasi.

"Bwana Mkuu," alisema, "saa zetu za mkono zinafuata jua la mbali huko mashariki, upande wa Somalia. Jua la hapa liko nyuma kama nusu saa. Mzee hajakosea."

"Mwalimu," Babu aliuliza kwa heshima zote, "barua yako ilisema saa ya nani?"

Mwalimu Mkuu aliisoma barua yake mwenyewe mara mbili.

"Ingia," aliniambia. "Utafyeka uwanja wa mpira mpaka saa kumi."

Nilishukuru. Nilishaanza kwenda.

"Saa kumi ya babu yako," Mwalimu Mkuu aliongeza.

Katika safari hiyo nilijifunza kwamba ukitetewa na jua, ujue litakuangalia. Babu alikaa pembeni ya uwanja na kikasha chake. Kengele ya saa kumi iligongwa na kijana mwingine, kwa wakati wake kabisa, wenzangu wakatoka madarasani wakiimba jina langu. Nilimtazama Babu. Yeye alitazama kivuli.

"Fyeka," alisema.