Siku Mgongo Uliponikwamisha Mbele ya Jeneza la Kaka Yangu

Naona haya kuisimulia habari hii, kwa sababu ilitokea kwenye msiba na watu wakacheka, lakini pale mtaani kwetu Kware imeshasimuliwa sana bila mimi na kila mtu ameongeza chumvi yake, kwa hivyo heri niiseme mwenyewe.

Barasa, kaka yangu mkubwa, ndiye aliyenileta Nairobi na kunitafutia kazi ya kupakia magunia kiwandani. Alipofariki sikuwa na hotuba ya kutoa (mimi si msemaji, hata kwenye mikutano ya matanga nilikuwa nakaa karibu na mlango), nikajiwekea jambo moja tu moyoni: nitashika jeneza lake upande wa mbele, hapa Nairobi na kule nyumbani Bungoma, mpaka kaburini.

Siku zile za matanga nililala kwenye kiti cha plastiki, shingo imening'inia kama ya kuku aliyechinjwa, na mchana nilikuwa nimeinamia simu nikisoma salamu za pole. Shingo ikawa ngumu. Nikasema ni uchovu wa msiba, itapita.

Basi siku moja kabla ya safari ya Bungoma maji yakakauka kwenye mabomba ya ghorofani, na wageni walitaka chai, nikashuka na mitungi miwili. Mama Brayo, jirani yetu, alikuwa anafua pale chini.

"Wekesa, hao vijana wamesimama tu kama nguzo za stima. Si uwape wabebe?"

"Niko sawa, mama."

"Uko sawa na unatembea kama umemeza ufagio?"

Niliinama kutoka kiunoni, magoti yamenyooka, nikainua mitungi yote miwili kwa pamoja na kugeuka nayo hewani kuelekea ngazi (mtu anayeishi kwa kubeba mizigo, jamani), na hapo nikasikia kitu kimeruka chini ya mgongo. Nikapanda nayo hadi juu. Sikumwambia mtu, kwa sababu niliogopa wangeninyang'anya nafasi yangu kwenye jeneza.

Kesho yake gari lilimleta Barasa hapo nje ya ploti, yaani jengo letu la kupanga, ili majirani wamuage. Jeneza likawekwa juu ya vibao vifupi, watu wakapita, pasta akaomba, kisha sisi wabebaji tukaitwa tulirudishe garini. Binamu yangu aliniona nikikunja uso akaninong'oneza, "Nipishe hapo, buda, huonekani poa." Nikamwambia asiniguse. Nikainama vile vile nilivyoinamia mitungi, nikashika mpini wa chuma wa jeneza, wenzangu wakainua, na mimi nikabaki chini. Jeneza likalalia upande wangu, shada la maua likateleza likaanguka, wenzangu wakalishusha jeneza haraka. Wote wakanyooka. Mimi nikakwama pale nimeinama, mkono kwenye jeneza, pumzi haitoki wala neno halitoki.

Sasa, kwetu jeneza likikataa kuinuka watu hawaulizi habari za mgongo. Huwa wanajua marehemu ana neno. Shangazi yetu akafungua khanga akaifunga upya kiunoni, akaja akasimama karibu na kichwa cha jeneza.

"Barasa, mwanangu, mwachilie ndugu yako. Kama kuna kitu alikukosea, sema nasi tutengeneze. Na wewe Wekesa, kama kuna kitu, toa sasa."

Pasta akaniwekea mkono shingoni, palepale panapouma, akaanza kuomba kwa sauti. Wanawake wakaanza kulia upya. Huko juu kwenye roshani niliona simu zimeelekezwa kwangu. Hapo ndipo pumzi iliporudi kidogo.

"Shangazi, hakuna kitu. Ni mgongo. Siwezi kunyooka."

Mama Brayo akasema kutoka nyuma, "Si nilimwambia yale maji."

Mtu mmoja akacheka, kisha wengine wote. Hata shemeji yangu, mjane wa Barasa, alicheka ndani ya leso, halafu akalia sana kwa sababu alikuwa amecheka. Mimi nilibebwa kama gunia nikalazwa kwenye godoro katikati ya basi la waombolezaji, na binamu akachukua nafasi yangu.

Kule Bungoma nilifuata nyuma wakimpeleka kaburini. Ulipofika wakati wa kutupa udongo sikuweza kuinama kuuokota, shemeji akanitilia kiganjani.

Tuliporudi, daktari wa kliniki karibu na mtaa wa Pipeline aliniambia siku ile ya jeneza mgongo ulikuwa umeshaharibika, na kwamba kabla ya hapo nilikuwa na muda wa kutosha wa kuutunza. Sasa nachuchumaa kwanza, mzigo nauleta karibu na tumbo, nageuka kwa miguu, simu naiinua ije machoni, na mtu akitaka kunisaidia namwachia. Pale ploti bado wananisalimia, "Wekesa, ameshakuachilia?" Nacheka nao, sina nguvu ya kubishana.

Lakini nikibaki peke yangu nakumbuka ile njia ya shambani ya kwenda kaburini, na wale wanaume wamemshika kaka yangu mabegani, na mimi nyuma yao nimeshika fimbo, mikono yangu haina kazi.